Chembe katika fizikia, kemia na biolojia: uanzie wapi

Ndugu muulizaji, umetaka kujua uanze na somo lipi, kwa kuwa walimu wako wa fizikia, kemia na biolojia kila mmoja anazungumzia chembe kana kwamba ni mali ya somo lake peke yake. Nakushauri uanze na kisa kimoja kinachoyapitia yote matatu. Mwaka 1827 Mskoti Robert Brown, mtaalamu wa mimea, alitazama kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua (unga wa maua) iliyowekwa majini, akaona zinatikisika bila kukoma. Alipojaribu vumbi la mawe, ambalo halina uhai wowote, nalo likatikisika vilevile. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli za maji huzigonga chembe hizo kutoka kila upande bila kulingana, kisha mwanafizikia Jean Perrin akaupima mwendo huo huko Ufaransa, jambo lililowanyamazisha wengi waliokuwa bado wanashuku kuwapo kwa atomu.

Ukishalielewa hilo, kusambaa kwa gesi katika kemia na kupita kwa oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu hakutakusumbua, maana chanzo chake ni mwendo uleule. Protoni na elektroni, yaani chembe zilizo ndani ya atomu, ziache kwanza. Kila utakapokutana na chembe, uliza ukubwa wake: zile za moshi wa mkaa zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hufika ndani kabisa ya mapafu, ilhali zilizo kubwa zaidi, kwa sehemu kubwa, hunaswa puani na kooni.