SAIS au SIPA? Angalia karo kwanza

Omera, umeuliza uchague gani kati ya SAIS ya Johns Hopkins na SIPA ya Columbia, hizo shule mbili za Marekani za masta ya uhusiano wa kimataifa na sera. Mimi ningeangalia kwanza nani anakupea skolashipu kubwa, jina baadaye, juu umesema unataka kurudi Kisumu kufanya kazi kaunti na huo mshahara wa shilingi hauwezi kulipa mkopo wa dola. SAIS iko Washington na masomo ya uchumi huko ni mengi kweli, SIPA iko New York penye makao makuu ya UN. Lakini mbona hujaomba Princeton? MPA yao (masta ya utawala wa umma) wanalipia karo kila mtu wanayemchukua, na bado kuna Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, masta ya mwaka 1, wanataka ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2.