IPv6 nyumbani: washa, ila usizime ya zamani

Ingia kwenye ruta ya nyumbani kwako, fungua ukurasa wa hali ya mtandao, usome anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea kwa mtoa huduma. Ukikuta inaangukia kati ya 100.64 na 100.127, ujue huna anwani yako mwenyewe kwenye intaneti. Unachangia moja na wateja wengine wa mtoa huduma wako, na kifungu hicho cha namba kilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kuchangishana. Hapa Dodoma hali hiyo nimeikuta Ilazo ninakoishi, nimeikuta Nkuhungu, na nimeikuta Iyumbu kwa rafiki yangu aliyefungiwa faiba mpya kabisa.

Kwa mtu wa kuangalia video na kutuma meseji, hilo halimsumbui. Tabu inaanza pale unapotaka kufikiwa. Mimi nilitaka nikiwa kazini Mtumba niione kamera ya getini na kuchukua mafaili kwenye kompyuta ndogo iliyoko sebuleni, bila picha za familia yangu kupitia kwanza kwenye seva ya kampuni ya kamera iliyoko nchi nisiyoijua. Fundi akafungua poti, yaani mlango wa kupokea maombi ya kutoka nje, kwenye ruta. Kimya. Juu ya ruta yangu kuna mtambo wa mtoa huduma unaofanya kazi ileile ya kuchangisha, na huo siye mimi wala yeye anayeugusa. "Kaka, hapo mpaka ununue IP ya kudumu," akaniambia. Nilipotajiwa bei ya kila mwezi ndipo nikaanza kuiulizia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti.

Uhaba huo una historia yake. Anwani za zamani, IPv4, zina biti 32, jumla yake kama bilioni 4.3, yaani hazitoshi hata moja kwa kila mtu duniani. Akiba kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius inayogawa anwani kwa Afrika, imekuwa kwenye hatua ya mwisho ya kubana mgao tangu Januari 2020. IPv6 ina biti 128, na mtandao mmoja tu wa nyumbani hupewa nafasi ya anwani zaidi ya bilioni bilioni 18. Tuliosoma bweni tunakumbuka barua zilivyokuja kwa S.L.P. ya shule: sanduku moja, wanafunzi mamia, na mwalimu wa zamu anayechambua ipi ya nani. Ndivyo anwani ya kuchangia inavyofanya kazi. IPv6 ni kile kibao cha namba ya nyumba tulichobandikiwa mwaka 2022 kwenye operesheni ya anwani za makazi. Mgeni anakuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Mgeni mwema na mwizi, wote wawili.

Kabla hujagusa chochote, piga simu huduma kwa wateja. Maswali ni matatu: mnatoa IPv6 kwa wateja wa nyumbani? Mnanikabidhi kifungu cha anwani cha /56 au /64? Kifungu hicho kinabadilika ruta ikizimwa na kuwashwa? Dada aliyepokea simu yangu hakuwa amewahi kuulizwa mambo hayo, akahangaika kidogo kwa upole, kisha akaniunganisha na kijana wa ufundi aliyeelewa kabla sijamaliza. Kwa hiyo omba ufundi mapema, utaokoa muda wa maongezi.

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. /64 ni mtandao mmoja, basi. /56 inakupa mitandao 256. Kwa nyumba zetu hizi zenye wapangaji uani hiyo ni tofauti kubwa: ukiwa na /56 unaweza kuwapa wapangaji mtandao wao, kamera mtandao wao, na familia mtandao wao, kila mmoja ukiwa na sheria zake. Ukiwa na /64 peke yake, wote mnakaa sebule moja. Wakikupa nafasi ya kuchagua, chagua /56 hata kama leo huna mpangaji.

Na wakikujibu hawana? Kuna huduma za handaki, kwa mfano ile ya bure ya Hurricane Electric, zinazobeba IPv6 ndani ya IPv4. Kwa bahati mbaya handaki la aina hiyo linataka uwe na IPv4 yako ya hadharani, na aliye kwenye 100.64 hana. Mwenye shida ndiye anayefungiwa mlango. Unaweza kukodi seva ndogo nje na kuunganisha kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri (VPN) kati ya vifaa viwili, lakini ukifika huko unalipa kila mwezi, na seva hiyohiyo ingekufikisha nyumbani hata kwa IPv4. Ushauri wangu: usijitese kwa ajili ya kuwa na IPv6 tu. Ulizia tena baadaye, maana maswali ya wateja ndiyo yanayowasukuma.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu waangalie kwanza mipangilio ya APN, yaani ile inayoiunganisha laini na intaneti. Palipoandikwa itifaki ya APN, mara nyingi utakuta imewekwa IPv4 peke yake. Weka IPv4/IPv6, zima ruta, iwashe, uone kama mtandao wako unatoa.

Sasa kuwasha. Watu husema "kuhamia", mimi nakushauri uongeze. Acha IPv4 ifanye kazi palepale ilipo, IPv6 ikae pembeni yake. Printa ya zamani, televisheni, na nyingi ya zile kamera za bei poa hazijui IPv6 kabisa, na bado zipo tovuti nyingi zisizokuwa nayo. Simu na kompyuta za sasa zinajichagulia zenyewe: zinajaribu IPv6, ikisuasua zinageukia IPv4 kabla hujaona tofauti. Tena usitegemee kasi kuongezeka. Bando ni lilelile.

Kwenye ukurasa wa IPv6 wa ruta, upande wa LAN, yaani wa ndani ya nyumba, utaulizwa vifaa vipateje anwani. Chagua SLAAC, ambapo kila kifaa kinajitengenezea anwani chenyewe. Ukichagua DHCPv6 peke yake, ambapo ruta ndiyo inayogawa anwani, laptopu ya Windows itapata anwani, simu za Android hazitapata, kwa sababu Android haichukui anwani kwa njia hiyo. Nimeona mtu akilaumu simu yake mpya kumbe kosa liko kwenye kimstari kimoja cha menyu.

Kisha chukua simu, gusa waifai uliyounganishwa nayo, shuka mpaka penye anwani za IP. Utaona msururu wa tarakimu na herufi kutoka a hadi f. Inayoanza na fe80 haitoki nje ya mtandao wa nyumbani, kila kifaa kinachojua IPv6 kinayo hata kama mtoa huduma hatoi kitu, hivyo usishangilie. Inayoanza na fd ni ya ndani pia. Unayoitafuta inaanza na 2. Unaweza kukuta zaidi ya moja. Simu hujitengenezea za muda na kuzibadilisha ili tovuti zisikufuatilie kirahisi. Angalia vilevile anwani za kamera: ukiona ff:fe katikati ya nusu ya pili, kifaa kimejenga anwani kutokana na namba yake ya kiwandani. Hiyo haibadiliki, na yeyote kinayewasiliana naye anaweza kuitambua.

Hapa ndipo pa kutulia. Kwenye IPv4 ya kuchangia, mtu wa nje hawezi kuigonga kamera yako kwa sababu hakuna njia ya kuifikia. Haikuwa kinga iliyopangwa, ila ilikulinda. Siku unayowasha IPv6, hiyo inaondoka, na kinachobaki ni fayawoli ya ruta, yaani mlinzi anayeamua kipi kiingie na kipi kizuiwe. Ruta nyingi huja nayo ikiwa imewashwa, baadhi zimezimwa, na baadhi za bei ya chini zina fayawoli ya IPv4 tu huku ya IPv6 haimo kwenye menyu kabisa. Kama yako ni ya kundi hilo la mwisho, acha IPv6 izimwe mpaka ubadilishe ruta. Wapo watakaokuambia anwani ni nyingi mno, hakuna wa kuzipekua zote. Ni kweli hazipekuliki, ila ukishaiandika anwani yako kwenye jina la domeni, hakuna haja ya kuipekua. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na nywila za aina hiyo bado zimo kwenye baadhi ya kamera tunazonunua leo.

Sheria niliyoweka ni fupi: kilichoanzishwa kutoka ndani kinaruhusiwa kujibiwa, kinachoanzia nje kinakataliwa, isipokuwa poti moja ya WireGuard kwenye ile kompyuta ndogo. Kamera sijaifungulia kitu. Nikiwa Mtumba naingia kwanza nyumbani kupitia WireGuard, halafu naitazama kamera kana kwamba niko sebuleni, na hapo haijalishi kamera yenyewe inajua IPv6 au la. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: huko uliko nako lazima pawe na IPv6. Mtandao wa ofisini kwetu hauna, kwa hiyo natumia data ya simu, ambayo laini yangu inayo. Pima laini yako kabla ya kujenga matumaini. Tovuti ya test-ipv6.com inajibu hapohapo. Na hata kuipima fayawoli fanya hivyo kutoka nje, kwa data ya simu yenye IPv6, si kwa waifai ya nyumbani.

Katika kufunga, usifunge ICMPv6 yote, yaani ujumbe mfupi ambao vifaa vya mtandao hutumiana kupeana taarifa. Mafundi waliozoea kuzuia pingi kwenye IPv4 hufanya hivyo bila kufikiri, na matokeo yake ni ya kukera: baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinaanza kisha zinaganda nusu. Kwenye IPv6 ruta za njiani hazikati paketi (kifurushi cha data) iliyozidi ukubwa, zinarudisha ujumbe kwa aliyeituma aipunguze. Ukiuzuia ujumbe huo, mtumaji hajui, anaendelea kusubiri. Kwa walio kwenye PPPoE, njia ya kuunganishwa kwa jina na nywila za mtoa huduma, ambako ukubwa unaishia baiti 1492 badala ya 1500, tatizo hili linaonekana haraka.

Umeme nao una sehemu yake. Unapokatika na kurudi, watoa huduma wengine wanakupa kifungu kipya, na vifaa vilivyobaki vinawaka kwa betri vinaendelea kung'ang'ania anwani iliyokufa. Dalili ni intaneti inayosita dakika kadhaa baada ya umeme kurudi. Zima waifai ya simu, washa tena, mara nyingi inatosha. Kwa ile kompyuta ndogo, usikariri anwani. Tumia huduma ya jina linalojisasisha lenyewe, hakikisha inaandika rekodi ya AAAA, yaani ya IPv6, maana baadhi zinaandika ya IPv4 tu, na sheria ya fayawoli ifuate nusu ya mwisho ya anwani kama ruta yako inaruhusu. Ruta yangu na kifaa cha faiba niliviwekea UPS ndogo, na nikianza upya ningeanzia hapo.

Ukilazimika kuandika anwani yenyewe kwenye kivinjari, izungushie mabano ya mraba, mfano http://[2001:db8::10], vinginevyo nukta pacha zinakichanganya. Hiyo 2001:db8 imetengwa kwa mifano tu, usiiweke kwenye ruta.

Mwisho ni wapangaji. Kijana wa uani kwetu, mwanafunzi wa UDOM, alinunua ruta yake akaichomeka kwenye yangu ili waifai ifike chumbani, na huko kwake IPv6 ikapotea. Ruta ya pili haipati kifungu chake mpaka ya kwanza iwe na cha kugawa na iwe inajua kugawa. Kama una /56 na ruta inayoweza, mgawie. Kama huna, muombe aiweke ruta yake katika hali ya kituo cha waifai tu (access point), azime DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, na waya unaotoka kwako achomeke kwenye poti ya LAN, si ya WAN. Ila hapo mtakuwa mtandao mmoja, naye atakuwa ndani ya fayawoli yako pamoja na kamera na mafaili, kwa hiyo badilisha nywila za kamera kabla hujampa huo waya.