Maswali ya wasomaji: Hesabu miiba, usihesabu rangi

Barua za mara hii zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: huyu ni samaki gani? Tumechagua nne.

Mhariri, nilinunua vifaranga 1,000 vya nyamami kwenye kituo kimoja, nikahakikishiwa kwamba wote ni madume. Miezi minne imepita. Wengine wana vidoadoa vyeupe ubavuni, wengine tumbo jekundu, na bwawa limejaa vitoto. Je, ni nyamami kweli, au niliuziwa ngege? – Mfugaji, Siaya

Ndugu mfugaji, tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Siku hizi sokoni Kisumu karibu kila tilapia anaitwa ngege. Ngege mwenyewe, yule wa zamani, ni Oreochromis esculentus, mwenyeji wa Ziwa Victoria, na sasa ni adimu. Amebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, hapo kwenu Siaya. Nyamami ni Oreochromis niloticus, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ndiye anayefugwa. Kwa hiyo hukuuziwa ngege. Kwa maelezo yako, ulichonunua huenda ni mchanganyiko wa aina hadi tatu.

Mkamate mmoja, mlaze kwenye sinia lililoloweshwa maji, kisha umkunjue mkia taratibu kwa vidole viwili. Nyamami ana milia myembamba myeusi ya kusimama, imepangana kuanzia shina la mkia hadi ukingoni. Ngege hana milia hiyo. Mbiru, tilapia mwingine mwenyeji wa Ziwa Victoria, naye hana, ila dume lake lina ukingo wa rangi ya chungwa kwenye pezi la mgongo. Mkia uliokunjwa huficha milia, na anayetazama samaki akiwa ndani ya ndoo hukosea kila mara.

Mwenye vidoadoa vyeupe kwenye mwili mweusi-kijani ni Oreochromis leucostictus. Huyu hupenda maji ya kando yenye mafunjo, huvumilia maji yenye hewa kidogo, na huanza kuzaa akiwa bado mdogo. Mwenye tumbo jekundu huenda akawa Coptodon zillii, lakini hapa usifanye haraka: dume la nyamami likiwa tayari kuzaa nalo hupata wekundu kichwani na chini ya mwili. Rangi ya samaki hubadilika kwa hofu, kwa majira na kwa matope ya bwawa. Doa jeusi lililo mwishoni mwa pezi la mgongo nalo halitoshi, kwa sababu watoto wa nyamami wanalo pia, kisha hulipoteza wakikua. Zillii hubaki nalo hadi utu uzima, limezungukwa na duara la manjano.

Kinachomaliza ubishi ni kuhesabu. Simamisha pezi la mgongo kwa sindano na uhesabu miiba kuanzia mbele. Mwiba huchoma ukiubonyeza kwa ncha ya kidole. Kijiti laini hupinda na kimegawanyika nchani. Nyamami ana miiba 16 hadi 18, zillii ana 14 hadi 16. Ukipata 16 bado hujajua, basi mchukue samaki aliyekufa, inua kifuniko cha matamvua na utazame upinde wa kwanza. Upande wake wa mbele una vijino vya kuchujia chakula. Hesabu vya nusu ya chini peke yake: zillii ana 8 hadi 11, vinene na vimeachana, nyamami ana karibu 20 au zaidi, vimesongamana kama meno ya kitana. Tofauti hiyo huioni kwa kubahatisha, unaiona wazi hata bila miwani.

Kuhusu vitoto: zillii hutaga mayai chini, kwenye tope, na dume na jike hulinda pamoja. Jike la nyamami hubeba mayai mdomoni. Wote wakiwa bwawani pamoja, chakula unachonunua huliwa na vitoto, na wakubwa hudumaa. Hata vifaranga waliolishwa homoni ya kiume katika wiki tatu au nne za mwanzo hawatoki madume wote, kwa hiyo lazima ukague mwenyewe.

Ili kutenganisha madume na majike, subiri wafike gramu 25 hadi 30. Usiwalishe siku moja kabla. Fanya kazi alfajiri, maji yakiwa ya baridi. Mgeuze samaki tumbo juu, pangusa sehemu iliyo mbele ya pezi la chini kwa pamba iliyochovywa rangi ya buluu ya methilini. Dume lina matundu mawili: la haja kubwa, na jingine nchani mwa kichuchu kirefu. Jike lina matatu, na la katikati si tundu la duara bali ni mkato mfupi wa kukingama. Ndio unaoshika rangi. Ukikazana na samaki wa gramu 10 utakosea wengi, kwani mkato huo bado haujafunguka. Usimshike mmoja zaidi ya sekunde chache.

Tunakuomba kwa dhati: samaki uliowatoa uwale, uwauze au uwakaushe. Usiwamwage mtoni wala Kanyaboli. Tilapia hawa huzaliana aina kwa aina, na machotara wakishaingia huko, ngege wa asili hawarudi tena.

Mwanangu anaishi Minnesota, Marekani. Ametuma picha ya samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata, meno tele. Rafiki yake mmoja anasema ni paiki, wa pili anasema maski, wa tatu pikareli. Nani mkweli? – Mzee, Nakuru

Mzee wetu, shikamoo. Hao watatu ni ndugu wa jenasi moja, Esox. Wote wana mwili mrefu, pua bapa, na pezi moja tu la mgongo lililosukumwa nyuma kabisa, karibu na mkia. Ndiyo maana huvizia wametulia kwenye majani ya ziwani, kisha huruka kama mshale. Hakuna hata mmoja wao katika maziwa yetu.

Watu huanza na mabaka, nasi tutaanza hapo ili tuyaache upesi. Paiki, Esox lucius, ana madoa mepesi kama maharagwe juu ya mwili mweusi-kijani. Maski, Esox masquinongy, ni kinyume: alama nyeusi, milia au madoa, juu ya mwili mweupe-weupe, na wakati mwingine hana alama yoyote. Pikareli wa mnyororo, Esox niger, ana mistari iliyoungana kama mnyororo, na chini ya jicho mstari mweusi unaoshuka kama chozi. Matatizo ni mawili. Kuna paiki wa rangi ya fedha asiye na madoa, na watoto wa paiki wana milia ya ubavuni inayofanana na ya maski. Mwenye kutegemea mabaka ataitwa mkweli leo, kesho ataaibika.

Mwambie mwanao atazame shavu. Tunagawanya uso wa samaki sehemu mbili: shavu, lililo nyuma ya jicho, na kifuniko cha matamvua, bamba linalofuata na ambalo hufunguka akipumua. Paiki ana magamba kwenye shavu lote, lakini kwenye kifuniko yapo nusu ya juu tu. Nusu ya chini ni laini kama kucha. Maski ana magamba nusu ya juu peke yake, shavuni na kwenye kifuniko. Pikareli amefunikwa kote kuwili. Magamba yenyewe ni madogo na ute huyaficha, kwa hiyo apitishe kitambaa kilicholowa mara moja, kisha amgeuze samaki kwenye mwanga wa pembeni. Pale magamba yanapokomea utaona mpaka, kama ukingo wa mkeka uliokatwa.

Halafu amgeuze atazame chini ya taya. Kuna vitundu vidogo, kama alama za sindano kwenye ngozi, vilivyopangwa mstari kila upande. Pikareli huwa na vinne upande mmoja. Paiki huwa na vitano. Maski ana sita hadi tisa. Ahesabu pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja unaweza kupungukiwa au kuzidi kimoja. Mkia nao unasaidia: wa paiki una ncha za mviringo, wa maski zimechongoka.

Yupo pia chotara wa paiki na maski, anayeitwa maski chui kwa milia yake iliyosimama na kukatika-katika. Huyu kwa kawaida hazai. Vitundu vyake vinaweza kuangukia idadi ya mzazi yeyote, basi kwake amini milia pamoja na ncha za mkia, ambazo ni za mviringo kama za paiki.

Kuhusu rafiki wa tatu, tungemuuliza kwanza ametoka wapi. Pikareli wa mnyororo ni samaki wa mashariki ya Marekani, si wa Minnesota. Na huko Kanada watu wengi huita pikareli samaki mwingine kabisa, aitwaye walleye, mwenye mapezi mawili ya mgongo na jicho linalong'aa usiku. Ni yaleyale ya ngege wetu: jina moja, samaki wawili.

Jambo hili si la ubishi tu. Katika sehemu nyingi za maji ya Minnesota, maski hachukuliwi mpaka afike inchi 54, yaani karibu sentimita 137. Anayembeba akidhani ni paiki anavunja sheria, na maski huchukua miaka mingi kufikia urefu huo. Picha uliyotutumia hatuwezi kuiamua: mkono umefunika kifuniko cha matamvua, na mkia umekatwa na ukingo. Mara nyingine apige tatu: upande mzima, shavu kwa karibu, na chini ya taya. Samaki abaki ndani ya wavu majini mpaka kamera iwe tayari.

Kuna samaki wa Naivasha ninayeuziwa kama "mbuta mdogo". Ni mbuta? – Mpishi, Gilgil

Hapana, mpishi. Ziwa Naivasha halina mbuta, yaani sangara. Huyo ni besi wa mdomo mkubwa, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Tazama ubavu: ana mstari mweusi unaopita katikati toka kichwani hadi mkiani, na mkia wake umebonyea kidogo katikati. Mkia wa mbuta ni wa mviringo, na mbuta ana mwiba mkubwa kwenye kona ya shavu. Pitisha kidole kwa uangalifu utaugusa. Nyama ya besi ni nzuri. Lipia besi kwa bei ya besi.

Samaki wa masharubu hunichanganya: mumi, seu na okoko. – Mama wa soko, Kondele

Mama, acha masharubu, wote wanayo. Shika mgongo. Mumi, ndiye kambare, ana pezi moja refu linaloenda karibu hadi mkiani, halina mwiba, na mkia ni wa mviringo. Seu ana pezi fupi lenye mwiba mbele, nyuma yake pezi jingine la nyama tupu lisilo na vijiti, na mkia uliopasuka kama uma. Akishakaushwa kwa moshi na kukunjwa duara, hicho kipande cha nyama ndicho utakachokitafuta kwanza.

Okoko ni mdogo, kichwa chake kimevikwa mfupa mgumu kama kofia unaofika hadi kwenye pezi la mgongo, na masharubu ya kidevuni yana matawi. Miiba yake mitatu, mmoja wa mgongo na miwili ya kifuani, ina meno ya msumeno na hujifunga ikiwa imesimama. Akinasa kwenye wavu usimvute, maana meno hayo yameelekea nyuma na yatashika nyuzi nyingi zaidi. Vunja miiba kwa koleo, karibu na shina, mmoja baada ya mwingine, ndipo umtoe.