Intani wapya, ulizeni utoto kwanza

Wadogo zangu, nimekuta tena faili limeandikwa "umri umeenda, anasahau", na mgonjwa karudishwa kwake Uyole na vitamini. Kila kundi la intani, madaktari wanaoanza mazoezi ya kazi, linalofika hapa Mbeya linaanza na kosa hilohilo: usahaulifu wa ADHD, tatizo la umakini na utulivu linaloanza utotoni, wanauita uzee. Nami nawapenda mno kukaa kimya.

1. Uliza utoto. DSM-5 ya 2013, kitabu cha Marekani cha vigezo vya magonjwa ya akili, inataka dalili za ADHD ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na kwa mwenye miaka 17 na kuendelea zinatosha tano badala ya sita. Kwenye mtihani mnayajua. Akikaa mbele yenu mtu mwenye mvi, yanayeyuka.

Kuna mama muuza vitenge wa Mwanjelwa, amevuka hamsini. Alilalamika anasahau chenji, mizigo, ahadi za wateja. Intani akampima kumbukumbu kwenye korido yenye kelele, mama akakosa maneno mawili kati ya matatu, akaambiwa ni dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inaanza. Basi, akafunga kibanda. Biashara akamwachia binti yake, jikoni hagusi akiogopa kuunguza nyumba, akawa anaisubiri siku ambayo hatawatambua wanawe. Miezi imepita ndipo akarudi, kasindikizwa na dada yake mkubwa kutoka Tukuyu. Nikamuuliza dada, hali hii ilianza lini? Akashangaa. "Huyu? Toka mdogo, daktari. Ukimtuma chumvi anarudi mikono mitupu, anakuuliza ulimtuma nini."

Swali moja tu, na hakuna aliyeliuliza.

Nikampima upya chumbani, pole pole, nikirudia maneno hadi nione yameingia. Nusu saa baadaye alikuwa nayo yote. Mwenye Alzaima, aina ya dimenshia, huyashika, kisha yanamponyoka hata ukimdokeza. Huyu mama, kule kwenye korido, yalikuwa hayakuingia kabisa. Kwa watu wa ADHD, miguu hutulia kadiri miaka inavyokwenda, lakini umakini unabaki palepale pabovu. Na kwake mengi yalikuwa yamegongana: hedhi imekoma, usingizi unakatika usiku, na mumewe, aliyempangia siku nzima kila alfajiri, alikuwa amefariki. Hayo yote yalihitaji kuulizwa kabla ya kumtisha mtu.

2. Pima presha na mapigo kabla ya kumpa methilifenideti, dawa ya ADHD, na usisahau kuchunguza tezi ya shingo, sonona, pombe na VVU.

3. Msimwambie mzazi wa mtoto mwenye ADHD "ataacha akikua". Utafiti wa Marekani wa 2007 ulionyesha gamba, yaani tabaka la nje, la ubongo wa watoto hawa hufikia kilele cha unene kwenye miaka kama 10.5, wenzao 7.5. Umechelewa, sawa, lakini wengi huingia utu uzima na dalili zao. Tena hurithiwa, kwa hiyo mtazameni aliyemleta mtoto. Baba mmoja wa Makambako aliacha kadi ya kliniki kwenye basi, akasikiliza maelezo ya mwanawe hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je?" Mtu wa hivyo mfungulieni faili siku hiyohiyo. Mkimwambia arudi wiki ijayo, hatakumbuka.