Wageni Wanakuja, Hawarudi

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa klabu ya kuzungumza hadharani. Tulianza watu 24, leo tumebaki 11. Wageni hatuwakosi, ila wanakuja mara moja, basi. Wanaohutubia ni wakongwe wanne walewale, na kila nikiuliza nani atajitolea wiki ijayo, watu wanainamia simu zao. Mwenyekiti anataka tuchapishe fulana na kubandika matangazo. Unaonaje?
*Katibu Aliyechoka*

Jibu: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Fulana ziwekeni kando kwanza. Tangazo humleta mgeni, na wageni umesema mnao.

Hebu tupige hesabu. Kikao cha saa moja na nusu kinabeba kama hotuba tatu za dakika tano hadi saba, pamoja na tathmini zake. Mlipokuwa 24, hata kama zamu ingezunguka kwa haki, kila mmoja angesimama mara moja katika wiki nane. Na kwenu haizunguki. Basi mtu aliyekuja kwa sababu ya woga wake anakaa miezi akiwapigia makofi watu wasio na woga. Hata mimi ningebaki nyumbani.

Ralph Smedley alipoanzisha klabu ya kwanza ya Toastmasters, mtandao wa klabu kama yenu, mwaka 1924 kule Santa Ana, California, wanachama wake walipokezana: huyu anahutubia, yule anatathmini, mwingine anaongoza kikao. Nanyi gaweni kazi. Mtunza muda ainue kadi ya kijani dakika ya tano, ya njano dakika ya sita, nyekundu dakika ya saba. Mwingine ahesabu "aaa", "yaani" na "nanihii". Ni kazi ndogo, lakini kila aliye nayo lazima asimame mwishoni atoe ripoti. Niliwahi kumwona binti ambaye hata macho alikuwa hainui, akakabidhiwa daftari la kuhesabu. Alipotangaza kwamba mwenyekiti wao amesema "yaani" mara kumi na tisa, ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka, na kikao kilichofuata akaomba zamu ya kuhutubia. Mwanachama mpya apewe kazi ya namna hii kwenye kikao chake cha pili.

Mgeni naye mkaribisheni kwenye mada za papo kwa papo, dakika moja au mbili tu. Akikataa mwacheni, wengine wanataka kwanza kuona kama hapo kwenu watu huchekwa.

Hilo la "nani atajitolea" liache kuanzia leo. Swali linaloulizwa wote halina mwenyewe. Mfuate mtu pembeni, mwambie ni wewe, tarehe fulani, na umpe wiki mbili za kujiandaa.

Sasa tathmini, ambako nashuku ndiko mnakovuja. "Hongera, umejitahidi sana" haimjengi mtu, na ukali wa kujionyesha humfukuza. Dakika mbili hadi tatu zinatosha kusema: "Ulipofika pale mlango ulipogongwa ulinyamaza kidogo, sote tukangoja. Ila mwisho uliusoma kwenye karatasi, macho yako yakatukimbia. Safari ijayo sentensi ya mwisho ikae kichwani." Hapo msemaji anaondoka na jambo moja la kufanyia kazi, na ana hamu ya kurudi mlione. Tathmini ya hivyo ni ngumu kuliko hotuba yenyewe: lazima usikilize kila neno, kisha uchague machache ya kusema.

Ndiyo maana inawafaa hao wakongwe wanne. Msiwanyang'anye jukwaa kwa kuwaaibisha, wapandisheni cheo. Hao saba waliobaki wagawaneni, kila mkongwe awe mlezi wa mmoja au wawili kwa hotuba zao tatu za mwanzo. Amsomee rasimu, amsikilize akifanya majaribio, akae mbele siku yenyewe ili mwanafunzi wake apate uso wa kuutazama.

Kuhusu mwenyekiti, usibishane naye juu ya fulana. Mpelekee ratiba ya wiki sita iliyokwisha kujazwa, majina yote 11 yamo. Akiuliza mbona hotuba yake haionekani mpaka wiki ya nne, mwonyeshe jina lake wiki ya kwanza, pale kwenye mtunza muda.