Maswali ya Wasomaji: Tulibana Matumizi, Yakabanuka

Swali: Ndugu Mwandishi, ofisini kwetu kila waraka wa siku hizi unaanza na maneno "katika kubana matumizi". Kwa maneno hayo tumewekewa taa zinazojizima zenyewe zisipohisi mtu akijitikisa, tumeletewa viti vya bei ya chini kabisa, na tumepewa fomu ya kuombea kalamu ambayo ni lazima isainiwe na watu wanne. Fundi wetu wa mitambo naye alipunguzwa. Miezi miwili baadaye mitambo ikagoma, akaitwa tena kama mshauri, kwa malipo ya siku moja yanayozidi aliyokuwa akipata kwa wiki nzima. Wenzangu nami tumeanza kuyatungia mambo haya maneno ili angalau tucheke, na la kwanza ni "ekonomihasara". Hakuna anayecheka. Tumekosea wapi?

Jibu: Mmekosea mahali pawili. Kwanza, hakuna anayesema "ekonomi" akiwa na "uchumi" mdomoni, kwa hiyo msikilizaji anajikwaa kabla hajafika kwenye mzaha. Pili, mmegandisha nomino mbili zikae tu kama abiria wasiojuana. Kiswahili hucheka kwa kitenzi: mpe msikilizaji mtu anayefanya jambo, au kitu kinachofanya jambo, naye ataiona picha mwenyewe bila kufafanuliwa.

Kabla ya kwenda mbali, tazameni hazina mliyopewa na waraka wenyewe. Lugha yetu ina kauli ya kutendua, ile inayogeuza "funga" kuwa "fungua", "ziba" kuwa "zibua" na "tega" kuwa "tegua". Kwa utaratibu huohuo "bana" huzaa "banua", yaani kukiachanisha au kukiachia kilichokuwa kimebanwa. Neno hilo lipo tayari, wala hamkulitunga. Ninyi mlipeni kazi mpya tu. Mkisema kwamba uongozi "umebanua matumizi", mwenye haraka atasikia sifa, na mwenye sikio zuri atasikia irabu moja iliyoongezeka na kila kitu kilichomwagika kupitia hapo. Na pale ambapo hakuna wa kulaumiwa waziwazi, semeni "tulibana matumizi, yakabanuka". Kwa maoni yangu hili linayashinda yote yatakayofuata, kwa sababu limetoka ndani ya kauli ileile ya wakubwa, na hakuna anayeweza kulikataa bila kuikataa sarufi.

Sasa tuje kwenye taa. Naiona picha: kikao kimefika ajenda ya tatu, watu wametulia wakisikiliza, chumba kinaingia giza, na watu wazima kumi, mwenyekiti akiwamo, wanainua mikono na kuipunga hewani hadi mwanga urudi. Mtu huyo ni "mpungataa", na wakiwa wengi ni "wapungataa". Muundo wake ni uleule wa "mpigambizi" na "kizimamoto", yaani kitenzi kikifuatwa na kinachotendwa, kwa hiyo hakuna atakayehitaji kufundishwa namna ya kulitamka au kulipatanisha kingeli. Zaidi ya hayo, kitenzi "kupunga" kina maana ya pili ambayo kila msomaji anaijua, ile ya kumtoa mtu pepo, na anayewatazama kupitia kioo cha mlango hawezi kujua kwa hakika ni kazi ipi inayoendelea humo ndani.

Viti vyenu vimejitungia jina. Mfanyakazi anapostaafu hupewa kiinua mgongo. Aliyekalia kiti kile kwa mwaka mmoja amepewa "kiinamisha mgongo". Hapa sikuongeza hata neno moja geni, nimebadili kitenzi tu, na ndiyo maana linauma: msikilizaji analinganisha papo hapo alichoahidiwa na alichokalia. Wingi wake ni "viinamisha mgongo".

Kwa fundi aliyerudi, niliandika "mrudighali" kwa kuufuata mfano wa "mlalahoi", neno lililokuwa la kejeli na leo linaandikwa hata magazetini bila alama za mtajo. Kisha nikalitilia shaka, kwa sababu linamchapa asiyehusika. Fundi hakujipunguza wala hakujiita; yeye alitaja bei, na bei ikakubaliwa na waliomwondoa. Dawa ni kubadili kiambishi cha mwanzo: toeni "m-" ya mtu, wekeni "u-" ya hali, mpate "urudighali", ambao ni tabia ya ofisi na si ya fundi. Nawasihi mfanye jaribio hilo kila mnapotunga neno linalomgusa mtu, kwani mzaha unaomlenga mwenzenu wa meza ya pili hugeuka masengenyo kabla ya mwisho wa juma.

Anayezunguka na fomu ya saini nne ni "ombakalamu". Hilo halihitaji maelezo kwa yeyote anayemjua ombaomba.

Swali: Mwenzetu mmoja ametunga kifupisho "BAMAHAMA", kwa maana ya "Bana Matumizi, Hasara Maradufu". Wengine wanasema vifupisho ni mtindo wa kuiga na si Kiswahili. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. "UKIMWI" ni kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na kimekaa vizuri mdomoni kwa sababu kilichukua silabi, U-KI-MWI, badala ya herufi moja moja zisizotamkika. Mwenzenu amepita njia hiyohiyo, tena amebahatika, maana ndani ya neno lake kuna "hama". Ofisi ikianza kubana pasipostahili, wa kwanza kuhama huwa ni wale wanaoweza kupata kazi kwingine bila shida, na aghalabu hao ndio waliokuwa wakiishika ofisi isianguke. Udhaifu wake ni kwamba kila mgeni atauliza kirefu chake, na mzaha unaohitaji kirefu chake kila siku huchoka upesi. Litumieni kwenye maandishi. Kwenye mazungumzo mtarudi kwenye "kubanuka".

Swali: Mimi ni mhasibu, na nimechoka kuchekwa. Kwenye vitabu vyangu fungu la vifaa limepungua kweli, na bili ya umeme imepungua kweli. Mnaita hasara kitu ambacho takwimu zinakiita akiba. Nipeni basi neno la haki.

Jibu: Neno la haki ni "akiba hewa", na umbo lake mnalo tayari katika "wafanyakazi hewa", wale wanaoonekana kwenye orodha ya mishahara na hawaonekani kazini. Akiba hewa huonekana kwenye fungu moja na haionekani kwenye ofisi nzima. Sikushutumu kwa kudanganya, kwa kuwa tarakimu zako ni sahihi. Tatizo ni kwamba gharama imehama kutoka kwenye fungu linaloandikwa na kuingia kwenye lisiloandikwa. Kalamu ina safu yake katika daftari, lakini muda wa mwombaji na wa watia saini wanne hauna safu, kwa sababu mishahara yao ingelipwa vilevile. Umeme una bili, lakini ajenda iliyokatizwa na giza haina. Mara nyingine gharama huhama kwa wakati badala ya fungu: matengenezo yaliyoahirishwa mwaka huu yanapendeza kwenye hesabu za mwaka huu, kisha mtambo mzima unaharibika mwaka ujao, mikononi mwa meneja mwingine.

Watengenezaji wa programu za kompyuta walilipatia jambo hilo la pili jina mapema. Mwaka 1992 Mmarekani Ward Cunningham aliifananisha kazi ya programu iliyotolewa kabla haijakamilika vizuri na deni: unapata kitu leo, na usipolilipa mapema unaendelea kutozwa riba kila unapoigusa kazi hiyo tena. Mfano ule ulishika kwa sababu meneja asiyejua lolote kuhusu programu anajua riba ni nini. Nawe umo katika nafasi hiyohiyo. Usiende kwenye kikao na "mpungataa", ambalo litachekwa na kusahauliwa. Nenda na "akiba hewa", ukiwa na jedwali lenye safu moja ya ziada inayoonyesha malipo ya siku ya mshauri kando ya mshahara wa zamani wa fundi. Kwenye taarifa liweke neno hilo ndani ya alama za mtajo mara ya kwanza tu.