Uwanja wa michezo shule ya msingi, Dodoma: pa kuanzia

Mwalimu, umeuliza pesa za bembea na magoli zipatikane wapi wakati ruzuku inaishia kwenye chaki. Anzeni na muhtasari wa kamati ya shule, wenye saini, mchoro na makisio. Upitisheni serikali ya mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndipo muombe Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za serikali za kuchochea maendeleo katika jimbo la mbunge. Andikeni nguvu za wananchi kwa shilingi: mchanga, kokoto, vibarua. Ombi lisilo na mchango huo linaweza kuwekwa kando.

Wakati mnasubiri, tairi chakavu za lori huombwa kwa mafundi bure. Zifukieni nusu, ndani mjaze mchanga, maana maji yakituama ni mbu. Tairi iliyochomoza nyaya msiichukue kabisa, inachana mikono.

Nguzo za mbao kwetu huku ni chakula cha mchwa. Tumieni bomba la inchi 2, shimo la sentimita 60, zege, na msiguse siku 7. Chini ya bembea wekeni mchanga wa korongoni sentimita 30. Eneo la mita 4 kwa 4 linakula karibu mita 5 za ujazo. Wengi huusahau mchanga huo, mtoto anaangukia udongo mkavu kama sakafu.